Matrix iliisha kwa suluhu, watazamaji wakanuna

*Sehemu ya tatu ya filamu hiyo ilikejeliwa dunia nzima mwaka 2003. Kindu ina sababu zake za kuitazama upya.*

KINDU, MANIEMA – Jumatano ya tarehe 5 Novemba 2003, ilipogonga saa kumi alasiri kwa saa za Kindu, taa zilizimwa kwa mpigo katika majumba ya sinema ya London, Moscow, Tokyo na New York. New York ilikuwa saa tatu asubuhi, Tokyo saa tano usiku, na Los Angeles watu walikuwa wamepanga foleni alfajiri. Kampuni ya Warner Bros. ilikuwa imepanga The Matrix Revolutions, sehemu ya tatu na ya kumalizia, ianze kwa dakika moja duniani kote, asipatikane mtu wa kumtangulia mwenzake kuujua mwisho.

Dunia hiyo ilikuwa na mipaka. Kindu haikuwamo.

Wakati ule mji huu wa bandari kwenye Lualaba ndiyo kwanza ulikuwa unatoka vitani. Reli ya kutoka Kabalo na Kongolo ilikuwa imelala. Safari za mto kwenda Ubundu zilikuwa zimekatika kwa miaka. Chumvi na sabuni zilishuka kwa ndege, au zilisukumwa kwa baiskeli porini kwa majuma. Filamu zilipita njia hizohizo: diski ya kunakiliwa ndani ya mzigo wa mfanyabiashara, sauti ya Kifaransa, picha inayoruka, na mara nyingine sehemu ya tatu ikifika mjini kabla ya ile ya kwanza.

Kwa hiyo wakati walioingia bure na waliolipa dola kumi walipokuwa wakitoka kwenye majumba yale wamenuna, hapa hakuna aliyejua kwamba kuna jambo la kununia. Tukaja kuliona baadaye, kwa macho mengine.

Deni la sehemu ya kwanza

Kununa kwao kulikuwa na msingi. The Matrix ya kwanza, iliyotoka tarehe 31 Machi 1999, haikutarajiwa na wengi. Lana na Lilly Wachowski walichukua kijana wa kompyuta, Neo, anayechezwa na Keanu Reeves, wakamwambia kwamba ulimwengu anaouona ni ndoto iliyotengenezwa na mashine, na kwamba mwili wake halisi umelala ndani ya maji ukinyonywa nishati kama betri. Humo waliweka kung-fu ya Hong Kong, risasi zinazopita polepole hewani, na swali ambalo mtoto wa shule anaweza kuliuliza na mwanafalsafa akashindwa kulijibu.

Filamu hiyo ilipata tuzo nne za Oscar na kuingiza zaidi ya dola milioni 460. Mtu aliyeitazama alitoka nje akiutilia shaka ukuta.

Sehemu ya pili na ya tatu zilipigwa kwa pamoja, Sydney na California, kila moja kwa bajeti ya takriban dola milioni 150. The Matrix Reloaded ilitoka Mei 2003 na kuvuka dola milioni 700. Iliacha mafundo mengi hewani. Neo aliambiwa kwamba yeye si mkombozi wa kwanza, kwamba kabla yake wamepita wengine, na kwamba hata uasi wa binadamu umo ndani ya hesabu za mashine. Kisha, akiwa nje ya ndoto, katika ulimwengu unaoitwa halisi, akanyoosha mkono na mashine zikaanguka. Iliwezekanaje? Watazamaji walikwenda nyumbani na swali hilo na kulifuga kwa miezi sita.

Sehemu ya tatu ilitakiwa kulipa deni hilo.

Mashtaka

Haikulilipa. Iliingiza zaidi kidogo ya dola milioni 420, pungufu hata ya ile ya kwanza, na wahakiki wengi waliichana. Hoja zao zinastahili kusikilizwa, kwa kuwa nyingi ni za kweli.

Ya kwanza ni kwamba filamu ilihama kutoka kwenye swali ikaenda kwenye bunduki. Sehemu kubwa ya katikati ni vita vya kuulinda mji wa Zion, uliofichwa chini ya ardhi. Maelfu ya mashine zinatoboa dari, na watu waliopanda mitambo ya chuma wanapiga risasi bila kupumzika. Ni kazi ya ufundi mkubwa. Lakini wanaokufa pale ni watu tuliokutana nao juzi. Neo hayumo, Trinity mpenzi wake hayumo. Morpheus, mwalimu wa Neo ambaye maneno yake ndiyo yaliyowafunga watu kwenye viti mwaka 1999, amegeuzwa msaidizi wa rubani, akimsaidia nahodha Niobe wakati chombo kinapita kwenye mabomba.

> Wanaokufa Zion ni watu tuliokutana nao juzi.

Ya pili ni kwamba vipande vya hadithi viliuzwa kando. Aliyetaka kujua meli ya Niobe ilifanya nini, au kijana anayemfuata Neo kama mwanafunzi alitoka wapi, alitakiwa acheze mchezo wa kompyuta wa Enter the Matrix na atazame mkusanyiko wa katuni wa The Animatrix, vyote vya mwaka huo wa 2003. Ni sawa na kumuuzia mtu kuku halafu mapaja ukayapeleka duka la jirani. Kijana wa Chicago mwenye fedha aliweza kuzunguka maduka. Wa Alunguli, anayevuka mto kwa mtumbwi kuja upande wa mjini kutazama filamu moja, angeyapata wapi?

Kuna pia bahati mbaya ambazo hazina wa kulaumiwa. Gloria Foster, aliyecheza mama wa unabii, alifariki Septemba 2001, na sehemu yake ikachukuliwa na Mary Alice. Mwezi mmoja kabla yake mwimbaji Aaliyah alikufa katika ajali ya ndege huko Bahamas kabla hajamaliza kazi yake ndani ya filamu, na nafasi ikaenda kwa Nona Gaye. Iliwabidi waandishi kutafuta maneno ya kueleza kwa nini mama yule sasa ana sura nyingine. Maneno waliyoyapata ni mepesi.

Na shtaka la mwisho, lililo zito kuliko yote kwa watu wa video, ni kwamba Neo anakufa.

Akteri hafi

Anayewajua watazamaji wa huku hahitaji kuelezwa. Katika chumba cha video, mabenchi ya mbao, jenereta ikinguruma nje na televisheni imepandishwa juu ili wa nyuma nao waone, kuna katiba moja. Akteri hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kupoteza mke na nyumba. Mwisho atasimama na mkubwa wa majambazi atalala. Dar es Salaam na Nairobi wanamwita steringi, na katiba yao ni hiyohiyo. Schwarzenegger aliifuata mara nyingi. Bruce Lee alipoivunja, katika filamu yake ya Fist of Fury, angalau aliruka hewani kuzikabili bunduki.

Neo hafi hivyo. Kwanza anapofushwa macho. Kisha Trinity, mwanamke aliyemrudisha hai katika sehemu ya kwanza, anakufa mikononi mwake baada ya mazungumzo marefu mno. Hapo nakubaliana na wanaolalamika, maana aliyechomwa na vyuma mwili mzima hatoi hotuba. Halafu Neo anapigana na adui yake Smith chini ya mvua, na badala ya kumshinda anamwachia amgeuze kuwa Smith mwenzake. Mwili wake unabaki mikononi mwa mashine, zinaubeba polepole kama maiti ya mkubwa. Mashine hazijashindwa. Jiji lao limesimama vilevile, linawaka taa.

Aliyelipia kuona mashine zikivunjwa alikuwa na haki ya kudai franga zake.

Hata hivyo, hapa ndipo mimi ninapoachana na wahakiki wa 2003. Filamu ilianguka, ndiyo. Mwisho wake haukuanguka.

Smith ni nani

Neo hakwenda kwenye jiji la mashine kupigana. Alikwenda kufanya biashara. Smith, aliyekuwa askari wa mashine wa kuilinda ndoto, alikuwa amewaponyoka wakubwa wake. Alijinakili ndani ya kila mtu aliyemgusa hadi mji mzima ukawa Smith, na mashine zilizomtengeneza hazikuwa tena na uwezo wa kumzuia. Neo aliziambia kwamba yeye anaweza, na bei yake ni moja: vita na Zion vikome.

Soma tena maelezo hayo ukiwa umekaa Kindu, au Shabunda, au Punia. Kundi linaundwa na mwenye nguvu kwa kazi yake, linapewa silaha, kisha linaota miguu na kumrudia. Kila kijiji linachopita linaacha vijana waliofanana nalo. Hakuna anayehitaji kutumia diski ya katuni kuielewa hadithi hiyo. Wakosoaji walioandika kwamba Smith wa sehemu ya tatu ni adui asiyeeleweka waliandika kutoka mahali ambapo jambo hilo halijawahi kutokea.

> Smith ni kundi lililomponyoka aliyeliunda. Maniema hilo linaeleweka bila tafsiri.

Na tuangalie tarehe. Kindu iliingia mikononi mwa waasi wa RCD, walioungwa mkono na Rwanda, mwezi Oktoba 1998. Ikaishi miaka ikiwa imezingirwa, waasi mjini na Mai-Mai porini, mkulima akiogopa kufika shambani kwake. Septemba 2002, baada ya makubaliano ya Pretoria, wanajeshi wa Rwanda walianza kuondoka, na Kindu ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuachwa. Desemba mwaka huo ukatiwa saini mkataba jumuishi, pia Pretoria, na Aprili 2003 ukathibitishwa Sun City. Tarehe 30 Juni 2003 ikatangazwa serikali ya mpito: rais mmoja na makamu wanne. Joseph Kabila akabaki juu; chini yake wakaketi Azarias Ruberwa wa RCD, Jean-Pierre Bemba wa waasi wa MLC, Abdoulaye Yerodia Ndombasi wa upande wa serikali na Arthur Z'ahidi Ngoma wa upinzani usio na silaha.

Watu waliopigana juzi walikuwa sasa wakigawana wizara. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa (MONUC) walikuwa mjini, na Radio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo Februari 2002, ilikuwa ikisoma majina hayo kwa Kiswahili.

Hakuna aliyeshinda. Aliyepoteza watoto hakurudishiwa. Aliyechoma hakufungwa. Lakini risasi zilipungua, masoko yakafunguka, na mwaka 2004 treni ikaingia tena Kindu. Suluhu ni kitu cha namna hiyo. Haina picha ya mwisho ya kupiga makofi.

Karibu miezi minne baada ya makamu wanne kula kiapo, Hollywood ilitoa filamu iliyoisha hivyohivyo, na watu wa majumba yale wakasema huo si mwisho. Ndani ya filamu kuna mazungumzo mafupi kati ya mbunifu wa mashine na mama wa unabii. Mmoja anauliza amani hii itadumu hadi lini, mwingine anamjibu kwamba itadumu kadiri itakavyoweza. Ninaiona kuwa sentensi ya kweli kuliko zote katika filamu zote tatu, na imepewa sekunde chache tu, baada ya karibu saa mbili za kelele.

Hilo ndilo kosa hasa la Wachowski. Walikuwa na jambo la nadra mkononi, wakalizika chini ya mitambo.

Wanaopinga nao

Wapo watakaosema ninaitetea mno kwa sababu ya historia yetu. Hoja yao ina nguvu: filamu haipaswi kusubiri mtazamaji ailetee vita vyake ndipo iwe na maana. Mwaka 1999 hapakuhitajika Sun City ili mtu amwelewe Neo. Kazi ikiwa nzuri humkuta mtazamaji alipo.

Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanauliza kwa nini mji wenye shida ya maji na barabara ujadili sinema ya Marekani ya zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Jibu langu ni moja: vijana wanaitazama. Wataitazama leo jioni kwenye simu, bila kutuomba ruhusa, na watatoka na fundisho fulani kuhusu jinsi vita vinavyoisha. Kuna filamu mia zinazowaambia kwamba vita huisha akteri anapomuua mkubwa wa majambazi. Hii moja inasema tofauti.

Kuna pia jambo la bati, ambalo siwezi kulipita kimya. Kila ubao wa kompyuta umeunganishwa kwa lehemu, na kiungo kikuu cha lehemu ni bati. Bati hutoka kwenye kasiteriti, na kasiteriti imechimbwa Kalima, Kailo na Punia tangu siku za kampuni ya Symétain, iliyoanzishwa mwaka 1932. Kompyuta zilizochora jiji la mashine zilishikanishwa kwa madini ya aina hiyo. Bei ya bati iliporuka mwaka 2004, wachimbaji na wenye bunduki walikimbilia mashimo ya mashariki mwa Kongo, na Smith wetu akapata chakula kipya.

Mwaka 2021 uchimbaji wa madini ya kompyuta ukaingia ndani ya filamu kwa jina lake. Saul Williams na Anisia Uzeyman walitoa Neptune Frost, filamu ya kubuni ya kisayansi iliyopigwa Rwanda, ambayo ndani yake wachimbaji wa koltani na vijana wa kompyuta wanaanza uasi. Wanazungumza Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Kabla yake Mkenya Wanuri Kahiu alikuwa ametengeneza Pumzi, mwaka 2009, kuhusu Afrika ya Mashariki iliyokauka baada ya vita vya maji. Si filamu zinazopatikana kwa urahisi katika vyumba vya video. Ndizo zilizopaswa kupatikana.

Ikosekanayo ni sauti

Udhaifu mkubwa wa Revolutions, kwamba vipande vyake vimetawanyika, ni udhaifu ambao Afrika Mashariki ilishaupatia dawa. Uganda ina akina VJ Jingo, wanaokaa na maikrofoni na kuigeuza filamu kwa Kiganda papo hapo. Kenya ina DJ Afro. Tanzania ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ya Kiswahili iliwafanya watu wa Dar es Salaam waitafute kanda kwa kumfuata yeye, hata kama mwigizaji hawamjui.

Msimuliaji mzuri hatafsiri tu. Anaeleza kwamba huyu mama amebadilika sura kwa sababu kadhaa wa kadhaa, anakumbusha kilichotokea sehemu ya pili, analijaza pengo lililoachwa na mchezo wa kompyuta, na vita vya Zion vinapokuwa virefu anatia utani. Angewasaidia Wachowski kuliko mhariri wao.

Maniema imezungumza Kiswahili tangu misafara ya Tippu Tip ilipoweka makao Kasongo katika karne ya 19. Lugha ilikwenda mashambani, kanisani, jeshini na redioni. Haina sababu ya kukwama mlangoni mwa chumba cha video, ambamo hadi leo kijana anabaki kukisia Kifaransa cha haraka huku mwenzake wa mbele akimwambia anyamaze.

Mwisho uliokataa kuwa mwisho

Desemba 2021 Lana Wachowski alirudi peke yake na The Matrix Resurrections. Neo na Trinity wanafufuliwa. Mji wa Zion haupo tena, na mashine zimepigana zenyewe kwa zenyewe; mji mpya, Io, unakaliwa na binadamu pamoja na baadhi ya mashine zilizohama upande. Kwa maneno mengine, suluhu ya 2003 ilizaa kitu, ingawa haikudumu. Filamu iligharimu takriban dola milioni 190 na haikurudisha fedha hizo kwenye majumba ya sinema. Marekani ilioneshwa siku hiyohiyo kwenye huduma ya HBO Max. Aprili 2024 Warner Bros. ilitangaza ya tano, itakayoandikwa na kuongozwa na Drew Goddard.

Upande wetu, mpito wa makamu wanne uliishia kwenye uchaguzi wa Julai 2006. Vita vya mashariki havikuisha. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Anayeicheka suluhu ya Neo kwa kuwa ilivunjika anaweza kuzihesabu zetu.

Ombi kwa wenye vyumba vya video wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli: wekeni zote tatu kwa mpangilio wake, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na mtafuteni kijana mwenye koo zuri azisimulie kwa Kiswahili. Kwenye vita vya Zion mnaweza kupeleka mbele, hakuna atakayelalamika. Ila sehemu ya tatu ina dakika 129, na kitu chenyewe kipo mwishoni. Msizime jenereta kabla ya dakika ya 120.